Damu ya Mtamba

Kwa mlioko London, Toronto au Columbus na jina la Muaither ni geni kwenu, huu ni mtaa wa upande wa magharibi wa Doha, ndani ya manispaa ya Al Rayyan: majumba yenye kuta ndefu, misikiti, vibanda vya chai ya karaki, na timu ya mpira inayobeba jina la mtaa. Sisi tunaishi katika nyumba iliyogawanywa vyumba, kama wengi wa aina yetu. Tuko wanane. Watatu ni wa Tanga, wawili wa Mwanza, mmoja wa Kilifi, mmoja wa Garissa na mmoja wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake hutuchekesha sisi na chetu humchekesha yeye zaidi. Kazi zetu ni ulinzi, udereva, usaisi wa farasi na kuhudumia ngamia. Ijumaa ndiyo siku yetu.

Mtu akipita dirishani Ijumaa alasiri akasikia sauti zimepanda, atadhani tunagombania Simba na Yanga. La hasha. Kwa miaka miwili sasa ugomvi wetu mkubwa ni damu ya ng'ombe.

Ni hivi. Tuna chama. Kila mwezi kila mmoja hutoa riyali 150, na fedha hizo hununua mitamba ya maziwa, chotara wa Friesian, inayofugwa ndani ya banda huko Muheza na mama mzazi wa mwenzetu mmoja. Tanga ni mkoa wa maziwa tangu zamani. Miaka ya 1980 Waholanzi walisaidia mradi mkubwa wa wafugaji wadogo pale, na mpaka leo mtu mwenye ng'ombe wawili anajua pa kupeleka ndoo yake asubuhi. Kwa hiyo hatukubuni jambo jipya. Mtamba mmoja mwenye mimba ulitugharimu kiasi cha riyali 3,500 pamoja na usafiri. Kima cha chini cha mshahara hapa Qatar, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi, mbali na posho ya malazi na chakula. Pigeni hesabu wenyewe. Mtamba mmoja ni miezi mitatu na nusu ya mtu kusimama getini.

Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, mtamba wa kwanza akaacha kula. Habari ilitufikia usiku, tukiwa tumerudi zamu. Kijana mmoja anayezunguka na begi la dawa aliitwa, akachoma ile antibiotiki ya manjano ambayo kila mfugaji anaijua. Siku ya tatu hali ikawa ile ile. Akachoma dawa ya ndorobo. Siku ya tano akachoma vitamini. Siku ya sita mnyama akatoa povu puani, akaanguka, akafa, na mimba ya miezi sita tumboni. Sindano zote tatu zililipiwa. Ukiuliza alikufa kwa ugonjwa gani, jibu ni kwamba alikufa kwa homa, na homa si jina la ugonjwa.

Ijumaa iliyofuata tukapitisha azimio: kuanzia sasa ng'ombe akipata homa, damu ipimwe kwanza, sindano ifuate. Tukaliandika, tukalituma Muheza, tukalala usingizi mzuri.

Jibu lilikuja asubuhi kwa ujumbe wa sauti. Mama alianza kwa salamu zote zinazostahili, akatuulizia mmoja mmoja, kisha akasema: "Wanangu, nimefuga tangu hamjaota meno. Kama mnadhani yule mtamba nimemuuza nikala pesa zenu, semeni tu. Shimo liko pale nyuma ya banda, njooni mfukue."

Mwenzetu, mwanawe, hakuzungumza na mtu siku ile nzima.

Nani kati yetu tulio ughaibuni hajui jambo hili linatoka wapi? Sote tunamjua mtu aliyekuwa akitumiwa picha za nyumba yake inavyopanda, msingi, ukuta, lenta, na siku aliyofika likizo akaikuta nyumba ni ya jirani. Hadithi hizo huzunguka hapa kila wiki, na walioko nyumbani wanajua kwamba zinazunguka. Kwa hiyo ukimwomba mama wa watu karatasi ya maabara, yeye hasikii habari za vimelea. Anasikia risiti. Na sisi, tuseme ukweli, tulipolipitisha lile azimio kulikuwa na wawili wetu ambao risiti ndiyo hasa waliyoitaka.

Mkubwa wetu, mmoja wa wale wa Mwanza, ndiye aliyepewa kazi ya kumpigia. Alimwamkia, akamweleza kwa upole kwamba hata sisi hatukuingia nchi hii bila kutobolewa mkono. Kabla ya kupanda ndege tulipimwa nyumbani. Tulipofika tukapangwa foleni tena, damu ikatolewa, kifua kikapigwa picha, na mpaka majibu yatoke hakuna kitambulisho cha ukaazi. Akamwambia, "Mama, kupimwa si kutuhumiwa."

Mama akauliza, "Na nyinyi mlipopimwa mlifurahi?"

Hapo mkubwa wetu alikosa jibu la haraka, na sisi tuliokuwa tunasikiliza pembeni hatukumsaidia. Hakuna aliyefurahi. Damu ilichukuliwa, ikapelekwa tusikokujua, na kilichorudi ni ruhusa. Hakuna aliyetuambia damu ile ilisema nini juu yetu. Tangu siku ile tukakubaliana juu ya jambo moja dogo ambalo limetusaidia kuliko azimio lenyewe: majibu ya damu ya ng'ombe yataanza kwa Mama. Mtaalamu atamweleza yeye kwanza, kwa mdomo, banda likiwa mbele yao, na sisi tutapata habari kutoka kwake. Karatasi kama ipo itakaa ndani ya kabati lake.

Kipimo chenyewe kinafanyika vipi? Tumekisoma sana, na kwa kuwa najua wengi wenu mna ng'ombe wenu kwa wajomba na mashangazi, tusipite haraka.

Kinaanza na kipimajoto, ambacho si ghali na kila banda lingekuwa nacho. Ng'ombe mzima ana joto la karibu nyuzi 38.5. Akivuka 39.5 ana homa. Katika ndigana kali joto hupanda 40 hadi 42, na mnyama bado anaweza kuwa amesimama anatafuna, jambo linalowafanya wengi waseme subiri kesho. Kisha mtaalamu hunyoa nywele kidogo kwenye ncha ya sikio, hufuta kwa spiriti, hutoboa mshipa mdogo na kupokea tone kwenye slaidi. Slaidi ya pili hushikwa kwa pembe na kulisukuma tone lile lienee jembamba kama ulimi. Tone jingine huachwa nene. Sikio lina sababu yake: vimelea vya ugonjwa wa kukojoa damu hupenda kujazana katika mishipa midogo, na damu ya mshipa mkubwa wa shingo inaweza kuwakosa. Ile ya shingo huchukuliwa kwa kazi nyingine, kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau isigande, au ya kifuniko chekundu iachwe igande ili yapatikane maji yake ya juu, ambamo hutafutwa kinga. Slaidi hukaushwa hewani, hutumbukizwa katika methanoli, hupakwa rangi ya Giemsa, ile ile inayotumika kutafuta malaria katika damu ya binadamu, na huwekwa chini ya hadubini kwa tone la mafuta.

Kwa ugonjwa wa ndorobo kuna njia inayotupendeza zaidi, kwa sababu macho ya mtu yeyote yanaielewa. Damu huvutwa ndani ya kibomba chembamba cha kioo, kikazungushwa kwenye mashine mizunguko 12,000 kwa dakika, dakika tano. Kikitoka, chembe nyekundu zimekaa chini, maji ya manjano yako juu, na katikati kuna utepe mwembamba mweupe. Kwanza unapima urefu wa ile sehemu nyekundu. Kwa ng'ombe mzima ni kati ya asilimia 24 na 46. Chini ya hapo mnyama amepungukiwa damu hata kama hajakonda. Kisha kibomba hukatwa palepale penye utepe mweupe, kwa kuwa vimelea hukusanyika mpakani hapo, na chini ya hadubini utawaona wakiwa hai, wanajinyonganyonga na kuzisukuma chembe za damu huku na huku. Njia hii ilitengenezwa na kuboreshwa miaka ya 1970. Haihitaji jengo kubwa. Inahitaji umeme au betri ya gari, na mtu mwenye subira.

Subira, kwa sababu kimelea wa ndorobo hubadilisha koti lake. Mwili unapomtambua na kumshambulia, wachache waliokwisha kuvaa koti jipya hubaki na kuzaliana upya. Kwa hiyo hupanda na kushuka kwa mawimbi. Damu ya Jumatatu inaweza kusema hakuna kitu na ya Alhamisi ikasema wamejaa.

Kwa ndigana kali, damu peke yake hudanganya zaidi. Ugonjwa huu, ambao Wamasai huuita oltikana, huletwa na kimelea aitwaye Theileria parva, na mbebaji wake ni kupe wa kahawia anayependa masikio. Kupe anauma leo, homa inaanza wiki moja hadi mbili baadaye, na muda wote huo kimelea hayuko katika chembe nyekundu. Yuko ndani ya chembe nyeupe, katika tezi, na dalili ya kwanza ni tezi kuvimba chini ya sikio upande ule kupe alipouma. Siku za mwanzo, ambazo ndizo dawa ina nguvu, slaidi ya damu inaweza kutoka safi kabisa. Mtaalamu anayejua kazi yake huingiza sindano ndani ya tezi lenyewe, akavuta majimaji kidogo, akayapaka kwenye slaidi. Ukisubiri mpaka damu ikubali, mapafu yanaweza kuwa yameanza kujaa maji. Povu la puani la yule mtamba wa Aprili linatupa fununu, ingawa fununu haiwezi kuwekwa kwenye slaidi.

Na dawa za magonjwa haya haziingiliani. Ile ya manjano inafaa kwa ndigana baridi. Ndigana kali haiponi kwayo. Buparvakuoni, inayoua ndigana kali ikiwahi, haina kazi na ndorobo. Mwenzetu wa Garissa, anayehudumia ngamia katika izba moja upande wa Al Shahaniya, alituongezea jambo ambalo hatukulijua. Ngamia naye ana ugonjwa wa jamaa wa ndorobo, unaitwa surra, lakini hauhitaji ndorobo kusafiri. Nzi wakubwa wanaouma wanatosha, ndiyo maana umefika Arabuni na India ambako ndorobo hayupo. Kimelea wake alionekana mwaka 1880 katika damu ya farasi na ngamia wa Punjab na daktari wa mifugo mzaliwa wa Wales, Griffith Evans, wakati wakubwa wake hawakutaka kuamini kwamba kidudu cha namna ile kinaweza kuua mnyama. Sasa ile dawa ya ndorobo tunayowachoma ng'ombe kila siku, diminazini, ngamia huivumilia vibaya na inaweza kumdhuru. Kwa hiyo huku jangwani, anasema, mtu anayechoma kwanza na kupima baadaye hapati kazi ya pili.

Kuna historia hapa ambayo sisi watu wa pwani tungeijua vizuri zaidi. Mwaka 1897 Robert Koch, daktari maarufu wa Ujerumani, alikuwa Dar es Salaam, na katika damu ya ng'ombe wa pale aliona vijidudu vidogo sana ndani ya chembe nyekundu. Alidhani ni watoto wa kimelea mwingine, yule wa ugonjwa wa kukojoa damu. Miaka michache baadaye, baada ya sotoka kufagia mifugo ya kusini mwa Afrika, ng'ombe walinunuliwa pwani ya Afrika Mashariki na kuteremshwa Beira kwenda Rhodesia. Walishuka wakionekana wazima. Kufikia 1902 ng'ombe wa huko walikuwa wanakufa kwa maelfu. Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903, na mwaka uliofuata Arnold Theiler wa Pretoria akaonyesha kwamba ni kimelea wa aina yake. Ugonjwa ukapewa jina la pwani yetu, na kwa Kiingereza jina hilo linao hadi leo. Tulilipeleka jina letu duniani kwa njia ambayo hatukuichagua.

Angalieni lakini neno lile: walishuka wakionekana wazima. Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu wa sasa.

Mwezi wa Juni mtamba wa pili alipata homa. Safari hii Mama mwenyewe ndiye aliyetupigia, na alikuwa ameshamwita bwana mifugo. Kipimajoto kilisoma 41. Slaidi ya sikio haikuonyesha kitu. Bwana mifugo akapapasa shingo, akakuta tezi, akavuta majimaji, akaenda nayo mjini kwa pikipiki. Jioni Mama akatusimulia alivyoelezwa, kwamba ndani ya chembe za tezi kulikuwa na madoa ya buluu. Madoa hayo wataalamu huyaita kwa jina la Koch yule yule. Dawa ilichomwa usiku ule, ikarudiwa baada ya siku mbili. Gharama ya kipimo haikufika riyali 20. Dawa ilizidi hapo mara nyingi. Mtamba alipona, akazaa Septemba, na maziwa yake si haba ingawa hayakufika tulipotarajia. Mama alituma picha ya ndama. Katika picha ile linaonekana shimo la nyuma ya banda, limeota nyasi. Hatujui kama alikusudia.

Baadaye tukataka kununua mtamba wa nne. Palikuwa na wawili wanaouzwa. Mmoja anatoka nyanda za juu za kusini, baridi, kupe wachache, damu yake safi kwa kila kipimo. Mwingine amezaliwa Muheza hapo hapo, mfupi kidogo, na katika chembe zake nyekundu mtaalamu aliona vimelea vya Theileria wachache. Hana homa, hana tezi, anakula kama nyumba inaungua. Tununue yupi?

Saisi wetu hakutaka hata kusikia. Yeye anafanya kazi katika banda la farasi, si mbali na hapa. Ukitoka Muaither kwenda Al Shaqab, kituo kikubwa cha farasi wa Kiarabu kilichoanzishwa 1992, ni mwendo mfupi wa gari. Farasi wanaokwenda mashindano ya nje hupimwa damu kutafuta piroplasmosi, yaani binamu wa farasi wa haya haya magonjwa yetu ya kupe, Theileria equi na Babesia caballi. Marekani kwa mfano humkataa farasi ambaye damu yake ina kinga dhidi ya vimelea hao, kwa kuwa mnyama aliyewahi kuugua Theileria equi anaweza kubaki nao maisha yake yote bila dalili, na kupe wa huko wakamnyonya. Farasi mwenye thamani kuliko mitaa yetu yote ya nyumbani anarudishwa kwa tone la damu. Basi sisi ni akina nani, alisema saisi, tumnunue mtamba ambaye damu yake imeshamshtaki?

Wale wa Mwanza, ambao ng'ombe kwao ni ukoo, walimsikiliza kwa heshima na kumpinga kabisa. Farasi anakwenda nchi isiyo na ugonjwa, walisema, na mtamba anakwenda Muheza. Muheza kupe wapo, hata umfungie ndani, wataletwa na majani uliyokata. Yule wa Muheza ameumwa utotoni, amepona, amebaki na vimelea wachache wanaoukumbusha mwili wake kazi yake. Yule wa damu safi hajui kitu. Mlete masika, mtamzika Aprili.

Na hoja hii si ya wazee tu. Chanjo yenyewe ya ndigana kali imejengwa juu yake. Katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, iliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima kabla Jumuiya ya zamani haijavunjika mwaka 1977, wanasayansi walichanganya aina tatu za kimelea hai, moja ikitokana na Serengeti. Ng'ombe huchomwa vimelea hai na papo hapo huchomwa antibiotiki ya kudumu muda mrefu ili ugonjwa uje mdogo, upite. Wafugaji wa Kimasai wa Tanzania ndio walioichangamkia kuliko wengi. Mnyama aliyechanjwa hivyo mara nyingi hubaki na vimelea. Ukimpima, damu itamshtaki, naye ndiye salama kuliko wote.

Mwenzetu wa Bukavu, ambaye kwa kawaida hunyamaza wakati wa habari za ng'ombe, ndiye aliyeufanya mjadala ubadilike. Alikwenda kwao likizo baada ya miaka sita hapa Doha. Alirudi, na siku ya kumi akaanza kutetemeka. Alipelekwa hospitali, damu ikatolewa, slaidi ikapakwa: malaria, na nzito. Alilazwa siku nne. Alituambia kwamba alipokuwa kijana alikuwa akipata malaria kama mtu anavyopata mafua, anakunywa dawa na kwenda shambani. Madaktari walimweleza kwamba kinga ile ya mtu mzima aliyezoea hupungua akikaa miaka mingi mahali pasipo na ugonjwa. "Miye ndiyo yule mtamba wenu wa baridi," alisema. "Damu yangu ilishakuwa safi."

Tulicheka, lakini hakuna aliyesema neno kwa muda kidogo. Sote tuna miaka hapa. Kuna watoto wetu waliozaliwa huku Ghuba, ambao damu yao haijawahi kukutana na kitu chochote cha kwetu, na tunawapakia ndege kila likizo kwenda kumwona bibi. Tangu siku ile dawa ya kuzuia malaria imeingia katika orodha ya safari pamoja na zawadi.

Msidhani lakini kwamba hoja ilimalizika kwa wale wa Mwanza kushinda. Kuna mahali damu safi inalindwa na ina faida. Mwaka 2017, majirani walipoifungia Qatar mipaka, kampuni ya Baladna ilileta ng'ombe wa Holstein kwa ndege, 165 wa kwanza wakifika Julai kupitia Budapest, na leo wako kwa maelfu huko Al Khor katika mabanda yenye feni na manyunyu ya maji. Ng'ombe wale wangepelekwa Muheza wasingemaliza masika. Hapa wanaishi kwa sababu kila kitu kinachowazunguka kimejengwa kulinda damu ile. Na Unguja waliamua kuondoa tatizo kwenye mzizi: kati ya 1994 na 1997 ndorobo madume waliofanywa tasa, zaidi ya milioni 8, waliolelewa Tanga, walimwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, majike wakajamiiana nao bila kuzaa, na ndorobo wa mwisho wa porini alinaswa 1996. Unguja damu safi si anasa tena, ni hali ya kisiwa. Kupe ndio bado. Kwa hiyo kipimo ni kimoja, lakini maana yake inategemea mnyama anakwenda kuishi wapi, na hilo slaidi haiandiki.

Tulipiga kura. Watano kwa mtamba wa Muheza, wawili kwa yule wa nyanda za juu pamoja na chanjo, na mmoja, mwana wa Mama, akasema hapigi kura mpaka Mama asikilizwe. Tukampigia palepale. Mama alisikiliza hoja zote, za farasi, za Bulawayo, za Bukavu, akauliza bei za wote wawili. Tukamtajia. Akasema atakwenda mwenyewe kumwona yule wa Muheza kwa macho, amtazame miguu na chuchu, maana, alisema, bado hakuna mtu aliyempima hizo.

Alikwenda. Miguu ni mizuri, chuchu moja ina kovu. Bei ikashushwa kwa sababu ya kovu. Juu ya damu muuzaji hakukubali kupunguza hata shilingi, akidai kwamba Theileria kwake ni cheti. Tumenunua. Wengine watatu watachanjwa kabla ya masika, na bwana mifugo ameshatuambia kwamba dawa husafirishwa katika mtungi wa baridi kali na dozi huja nyingi kwa pamoja, kwa hiyo Mama anawaandikisha majirani ili siku ikipangwa watoshe.

Mwenzetu wa Tanga anasafiri mwezi ujao. Katika mizigo yake kuna vipimajoto viwili, boksi la slaidi, tochi ya kichwani ya kutafutia kupe masikioni usiku, na mashuka ya Mama. Mama ameagiza pia karatasi ya vipimo vya damu ya mwanawe, ile ya hospitali ya hapa ya mwaka huu, anasema anataka kuisoma mwenyewe.

Ameipakia.